Katuni za Kireno kwa Bibi Filomena

Siku hizi nikimwona kijana amepanda paa huku simu yake ikimwonyesha setilaiti iko upande gani, namwonea wivu, kisha namwonea huruma kidogo. Wivu ni kwa sababu anamaliza kwa muda mfupi kazi iliyokuwa ikinichukua asubuhi nzima. Huruma ni kwa sababu hahitaji tena mtu wa kumjibu. Sisi tulifanya kazi wawili wawili, mmoja juu ya bati akisogeza dishi kwa unene wa ukucha, mwingine ndani mbele ya televisheni, tukiitana. Imekuja? Bado. Sasa je? Imekuja, lakini imepotea tena. Kuna ndoa kadhaa hapa Songea nilizozishuhudia zikipimwa kwa njia hiyo, mume juu, mke chini, mpaka nikaanza kuwaomba wenye nyumba wakae jikoni, nami niitiwe jirani.

Naitwa Skolastika. Wengi wananijua kama Fundi Skola. Nilifanya kazi ya madishi na nyaya za televisheni mtaa wa Majengo kuanzia miaka ile ya soko huria, redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa na kila mwenye duka akataka kuiona dunia. Kabla ya hapo nilikuwa karani tu wa kuandika majina ya wateja. Aliyenifanya fundi ni Mzee Rajabu, mwenye ofisi, fundi redio aliyetoka Tanga akaoa huku na hakurudi tena. Fundi wake wa kwanza alipohamia Njombe, Mzee alinitazama kwenye meza yangu, akaniuliza kama naogopa ngazi. Nikasema siogopi. Akasema basi, kesho uje na suruali.

Nilikuja na suruali, juu yake nikafunga kanga ili nisisemwe. Nilisemwa vilevile.

Siku yangu ya kwanza peke yangu nililielekeza dishi kwenye milima ya Matogoro. Nilidhani mawimbi hushuka kutoka mlimani, kama baridi. Nilikaa juu ya bati la watu mpaka jua likaniunguza shingo, na televisheni chini haikutoa kitu isipokuwa chenga. Mzee Rajabu alipofika hakunigombeza. Alinionyesha kaskazini, akaniambia setilaiti zote zimepangwa juu ya mstari wa ikweta, na sisi wa Songea tupo kusini yake, kwa hiyo dishi letu haliwezi kutazama Matogoro hata tuliombee. Halafu akanionyesha jambo ambalo nawasihi ninyi mnaojifunza ufundi mlishike hata leo: waya unapoingia ndani ya nyumba, uuache ulegee ushuke chini ya tundu kwanza, ndipo upande kuingia. Maji ya mvua hufuata waya. Yakikuta pale pamelegea yatadondoka chini, yasipokuta yataingia ndani ya kifaa. Nusu ya hitilafu nilizozitibu maishani mwangu zilikuwa maji tu.

Sasa niwaeleze ofisi yetu ilivyokuwa, ili mnielewe. Tulikuwa na madishi matatu nyuma ya jengo na chumba kimoja chenye rafu. Kila chaneli ilikuwa na maboksi mawili kwenye rafu: dikoda ya kuipokea, ambayo ninyi mnaiita king'amuzi, na boksi jingine la kuirusha kwenye waya. Waya huo ulipita juu ya mapaa ya Majengo, nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo nilichokichagua mimi kwenye rafu ndicho walichokiona wote. Mteja alikuwa na uwezo wa kubadili chaneli, lakini lugha ya chaneli ilikuwa mikononi mwangu.

Chaneli iliyopendwa kuliko zote haikuwa ya mpira wala ya habari. Ilikuwa chaneli ya katuni za zamani. Ilionyesha zile zilizochorwa kwa mkono kabla hata mimi sijazaliwa, rangi zake zimefifia kidogo, muziki wake wa tarumbeta. Kulikuwa na mbuzi mmoja mwenye miwani ambaye kila siku alijenga kitu na kila siku kilimwangukia. Wazee walimtazama kama watoto. Lakini nilichokipenda mimi nikiwa fundi ni kwamba chaneli ile haikuwa moja. Picha zilikuwa zilezile, sauti zikawa nyingi. Kulikuwa na toleo la Kiingereza, la Kifaransa, la nchi za Kiarabu, na kwenye dishi letu la pili niliwahi kukuta la Kihindi, ambamo mbuzi aliimba kila alipoanguka. Kwa Kiingereza mbuzi alikuwa mtu wa kununa. Kwa Kifaransa alijiona bwana mkubwa. Dikoda yetu ilikuwa na kitufe kidogo mbele cha kuchagua sauti, na mimi niliiweka kwenye Kiingereza, kwa sababu wazazi walisema watoto watajifunza.

Ilikuwa Jumamosi. Umeme wetu siku hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli na ulikatika ulivyotaka. Uliporudi asubuhi hiyo niliwasha maboksi yote, nikapangusa vumbi kwa kitambaa, nikafunga mlango, nikaenda Mshangano kufunga dishi la mwalimu mmoja mgeni. Mzee Rajabu alikuwa arusini. Sikujua kwamba kile kitambaa kilikuwa kimebonyeza kitufe.

Niliporudi alasiri nilikuta kundi la watoto mlangoni wakinisubiri. Walikuwa na hasira ya kweli. Mbuzi, walisema, ameharibika. Anaongea maneno ya ajabu tangu asubuhi. Nikafungua, nikasikiliza, nikatambua ni Kireno. Kulikuwa na sauti ya Kireno kwa ajili ya Msumbiji na Angola, na sikuwa nimeigusa hata mara moja. Nikanyoosha kidole kurudisha Kiingereza.

"Dada Skola, usibadilishe."

Alikuwa Yustina, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza mtaa wa pili. Alikuwa amesimama nyuma ya watoto, futi yake ya kupimia bado shingoni, na alikuwa analia bila kujificha. Nikawaambia watoto waende, nitaitengeneza. Walipoondoka nikamkalisha.

Mama yake, Bibi Filomena, nilikuwa namfahamu. Alipata kiharusi miezi minane kabla. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka yote. Kilichobaki kilikuwa sauti moja tu, kama mtu anayeguna akibeba mzigo. Alimtazama Yustina kama anayetazama dirisha. Hospitali walisema wavumilie. Lakini shemeji zake Bibi, ndugu wa marehemu mume wake, walikuwa wamekwisha kaa kikao na kuamua kwamba akili imeondoka, na kwamba ni heri apelekwe kijijini, huko ng'ambo ya Namtumbo, akapumzike. Kila mtu alielewa maana ya kupumzika. Gari lilikuwa linakuja baada ya wiki mbili.

Asubuhi ile, Yustina aliniambia, alikuwa anamlisha mama yake uji huku wajukuu wakilalamika kuhusu katuni. Mbuzi alikuwa anapanda ngazi aliyoipigilia mwenyewe, na ngazi ilikuwa imeanza kulegea. Bibi akasogeza kijiko kando kwa mkono wake mzima, akaitazama televisheni, akasema kwa sauti safi, "Kuidado," neno ambalo baadaye tuliambiwa maana yake ni jihadhari. Mbuzi akaanguka. Bibi akacheka. Kisha akaendelea kuongea na mbuzi, sentensi nzima nzima, na Yustina hakuelewa hata moja.

"Anaongea," Yustina aliniambia. "Mama yangu anaongea, na mimi simwelewi."

Nilikwenda naye. Nilimkuta Bibi kitandani kwenye chumba cha ndani, mlango umefunguliwa ili aone televisheni ya sebuleni. Nikamwamkia shikamoo. Akanitazama bila kujibu, kisha akarudisha macho kwa mbuzi, midomo yake ikifuatisha maneno taratibu, kama mtu anayefuatisha rozari.

Yustina hakujua mama yake alijua Kireno. Alijua tu kwamba alitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, akavuka wakati wa vita akiwa msichana, akaolewa huku. Nyumbani kilikuwa Kiswahili na Kingoni cha baba, basi.

Tulihitaji mtu wa kutafsiri, na mimi nilimjua mmoja kwa sababu ya kazi. Ukipanda mapaa ya watu unajua mambo mengi. Bwana Armando, mshona viatu, alikuwa na redio ndogo aliyoning'inizia waya wa shaba juu ya mti ili apate stesheni za Maputo, na niliwahi kumsaidia kuurefusha waya ule. Jumatatu nilimleta. Alikuja amevaa koti, kiatu kimepakwa rangi, kama anayekwenda ubalozini. Akavuta kigoda karibu na kitanda, akamsalimia Bibi kwa Kireno.

Bibi alimshika mkono akakataa kuuachia.

Aliongea kwa muda mrefu. Alikwama, akatafuta, akarudia. Armando aliinamisha kichwa, akawa anaitikia. Yustina alikuwa amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili. Mwishowe Armando akageuka, na niliona anatafuta namna ya kusema.

"Kwanza," akasema, "anaomba kitanda kihamishwe. Anasema ni miezi mingi hajaona jua. Anataka kukaa nje asubuhi."

Tulikuwa tumemfungia dirisha tukiogopa baridi ya Songea. Nasema tulikuwa, kwa sababu hata mimi nilipita pale siku moja nikashauri pazia zito.

"La pili, anasema uji wa maziwa hajawahi kuupenda maisha yake yote. Anaomba wa chumvi."

Yustina akacheka na kulia kwa pamoja. Miezi minane alikuwa akiuza sketi ili anunue maziwa.

"La tatu anauliza kwa nini mnaongea mbele yake kuhusu gari la kwenda kijijini. Anasema yeye hajafa. Anasikia yote. Kiswahili anakielewa chote, ila akitaka kukisema hakiji mdomoni."

Yustina alipiga magoti kando ya kitanda akaweka paji la uso kwenye mkono wa mama yake, ule uliolala, na Bibi akavusha ule mzima akamgusa nywele.

Mengine tuliyapata polepole siku zilizofuata. Bibi alifiwa na wazazi akiwa mdogo sana, akalelewa na masista kwenye misheni ya Wareno, kwenye bweni la wasichana. Kireno ndicho kilichomtunza utotoni. Alipovuka mto kukimbia vita, wakimbizi wenzake walimtilia shaka mtu anayesema vizuri hivyo lugha ya adui. Basi akaifunga. Aliolewa, akazaa, akazika mume, hakuifungua hata mara moja. Daktari alipoelezwa alisema hutokea, si mara nyingi, kwamba ugonjwa unafuta lugha ya ukubwani na kuiacha ya utotoni. Shemeji walikuja na gari lao. Walimkuta Bibi nje juani na Bwana Armando kando yake akishona kiatu. Armando aliwatafsiria alichokisema Bibi. Sikuwepo, lakini naambiwa hawakukaa hata kunywa chai.

Sasa, wanangu, hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Nilimwahidi Yustina kwamba Kireno kitabaki. Nilimwahidi kwa moyo, bila kupiga hesabu ya maboksi. Dikoda ya katuni ilikuwa moja, na ilitoa lugha moja kwa mji mzima. Siku tatu nilikuwa naiweka Kireno asubuhi na Kiingereza jioni, na wateja wakaanza kuja. Walimu walilalamika. Watoto walianza kumwigiza mbuzi na kusalimiana kwa Kireno njiani, jambo ambalo mimi niliona zuri na wazazi wao waliona ni wazimu.

Nikaenda kwa Mzee Rajabu. Nilitaka achomoe chaneli moja tuipe nafasi katuni ya Kireno, ziwe chaneli mbili, kila mtu achague. Chaneli isiyokuwa na maana, nilimwambia, ni ile ya mieleka.

Mzee aliipenda mieleka kuliko chakula. Wanaume wote wa Majengo waliipenda. Aliniambia waya ni wa watu wote, na kwamba fundi akianza kugawa waya kwa huruma hataweza kuacha. Aliniambia pia nisiahidi tena mali isiyo yangu. Nilikasirika. Nilimwambia moyo wake umekuwa kama boksi, una taa nje tu. Sikuwahi kumjibu hivyo kabla, na sijawahi kujisamehe vizuri.

Alivaa kofia yake, akatoka.

Alirudi baada ya adhuhuri kupita. Baadaye Yustina ndiye aliyenieleza: Mzee alikwenda kumwamkia Bibi, akakaa naye uani juani, wala hawakuwa na lugha. Bibi alimwonyesha kwa kidole mbuzi kwenye televisheni, iliyokuwa imesogezwa mlangoni, akawa anamweleza kila kitu kwa Kireno, naye Mzee anaitikia kwa Kiswahili, naam, naam, kumbe. Walikaa hivyo mpaka kipindi kikaisha.

Alipoingia ofisini alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Akachomoa mieleka kwa mkono wake mwenyewe.

"Nionyeshe hicho kitufe cha lugha," akasema. Nilianza kumwomba radhi. Akasema, "Nionyeshe kitufe, binti yangu. Mengine yameshapita."

Wanaume walikuja kesho yake, kama kumi, wakiongozwa na muuza nyama. Mzee Rajabu aliwaeleza kwa utulivu kuhusu mama mmoja mgonjwa mtaa wa pili. Mwishowe muuza nyama akauliza kama inawezekana angalau Jumamosi jioni, Bibi akiwa amepumzika. Ikawa hivyo. Kila Jumamosi saa kumi nilibadilisha, saa kumi na mbili nikarudisha, na katika muda wote huo hakuna aliyenilaumu tena, isipokuwa siku niliyosahau kurudisha, na aliyekuja kunilaumu siku hiyo alikuwa Yustina.

Yeye alikuwa amegeuka mwanafunzi. Alikuwa mtu wa makamo, na alijifunza lugha ya mama yake kwa mbuzi mwenye miwani. Alihamishia cherehani uani. Neno likirudiwa mara tatu kwenye katuni aliliandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye karatasi zake za vipimo, akamwuliza mama, na mama akamsahihisha matamshi kwa ukali wa sista wa bweni. Kuna wateja waliovaa magauni ambayo vipimo vyake vilichanganyika na neno ngazi, neno nyundo, neno samahani. Katuni za zamani zina faida hiyo: husema kidogo, na kile zinachosema unakiona kinatendeka palepale. Mzee mgonjwa na mtu anayeanza kujifunza wote wanahitaji hivyo.

Nawaambia haya kwa sababu mnafundishwa kwamba kazi yetu ni mawimbi. Ni kweli, mjue mawimbi, mjue nyuzi, mkaze vizuri viunganishi. Lakini ukimaliza kufunga, kaa kidogo. Kunywa maji uliyopewa. Tazama nani anatazama.

Toleo lile la Kireno halikudumu. Baada ya misimu miwili ya mvua wenye setilaiti walilihamisha, na asubuhi moja dikoda ikanionyesha kioo cheusi. Nilizungusha dishi siku nzima, nikabadilisha kichwa chake, kile kinachonasa mawimbi, nikakagua kila kiungo kama kina maji. Hakukuwa na hitilafu. Lilikuwa limeondoka tu, na hapakuwa na kitu cha fundi kukifanya.

Nilitembea kwenda kwa Yustina nikiwa nimebeba maneno yangu kama mtu aendaye kupeleka habari za msiba. Niliwakuta uani. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, shali mabegani, anachambua maharage kwa mkono mmoja. Televisheni ilikuwa imezimwa. Nikaanza kueleza kuhusu setilaiti, kuhusu kuhamishwa, kuhusu jinsi nilivyojaribu.

Yustina alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama yake akamweleza. Kwa Kireno. Alikwenda polepole, alikosea, Bibi akamkatiza akamsahihisha, akaendelea. Bibi akauliza jambo. Yustina akajibu. Wakaongea hivyo, mmoja anachambua maharage, mwingine anatia uzi kwenye sindano, na mimi nimesimama katikati yao na koleo mfukoni, sielewi hata neno moja.

Bibi akanitazama, akasema kitu kifupi.

"Anasemaje?" nikauliza. Nilidhani analalamika kuhusu katuni.

"Anauliza kama umekula," Yustina akasema.

Nikasema sijala. Akanisogezea kigoda.